Nyumba Aliyoikataa Fundi

Jumatatu, 8 Machi 1999. Kisii mjini

Mvua ya masika imeanza leo mchana, na paa la chumba chetu cha juu limetuonyesha linapovuja: juu kabisa ya kiti changu. Disha, tunayeandika programu naye, amecheka. Nimehamia pembeni.

Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu Ekegusii ni ya nyumbani, Kiingereza ni cha kazi, na mambo ninayotaka kuyakumbuka yako katikati.

Kazi mpya imepatikana. Chama cha Afya Tuinuane, cha wakulima wa chai upande wa Nyamira, kinataka programu ya kuandikisha nyumba zote za wanachama. Nyumba ikishaandikishwa inapewa kadi, na mwenye kadi anatibiwa katika zahanati ya chama bila kuulizwa pesa mlangoni. Mzee Subhash, baba yake Disha na mwenye duka, amefurahi kupata mteja ambaye haulizi kama kompyuta yake itakufa mwaka elfu mbili ukiingia.

Disha anasema tutamaliza haraka kwa sababu ya Fundi. Fundi si mtu, ni programu aliyoiandika mwenyewe mwaka jana. Kabla yake tulikuwa tunaeleza kila kitu mara mbili: ndani ya programu kwamba mtu ana jina, jinsia na tarehe ya kuzaliwa, halafu tena kwenye majedwali ya kuhifadhia data. Ukibadilisha huku ukasahau kule, kila kitu kinaanguka. Sasa tunaeleza kila aina ya kitu, mtu au nyumba, mara moja tu, kwa Pascal, lugha ya kuandikia programu, na kando ya kila kipengele tunaandika maneno machache ndani ya mabano: lazima, si lazima, mwanamume, mwanamke, herufi ishirini. Fundi anasoma yale mabano, kisha anajenga majedwali na sheria zake peke yake.

Aina ya "Nyumba" nimeiandika mimi. Mume mmoja, mwanamume, lazima. Wake, mmoja au zaidi, wanawake. Watoto, wa mume. Nilijiona mtu wa haki sana kwa kukumbuka wake wengi.

Ijumaa, 12 Machi

Umeme umepotea tangu asubuhi. Tumekunywa chai na kutazama matope ya barabarani.

Jumamosi, 20 Machi. Nyamira

Siku ya kwanza ya kuandikisha. Ofisi ya chama ni chumba kimoja kando ya zahanati. Mwenyekiti ni Mwalimu Machogu, aliyekuwa mwalimu mkuu mpaka alipostaafu, na bado anatazama watu kana kwamba wamechelewa gwaride. Karani ni Ratemo. Anapiga kibodi kwa vidole viwili na kupiga miayo kwa mdomo wote. Nilimwona mvivu.

Watu walijaa mpaka nje, chini ya miavuli na majani ya migomba. Karibu saa sita akaingia mama mmoja mzee, mrefu, na mwanamke wa miaka kama thelathini nyuma yake, na watoto watatu. Yule mama akamsalimu Ratemo, "Bwakire," akaketi bila kuambiwa.

"Jina la mume?" Ratemo akauliza.

"Ogari. Alikufa zamani."

"Basi wewe ni mjane. Na huyu ni binti yako?"

"Huyu ni Gesare. Nilimuoa."

Ratemo hakushangaa. Hakuna Mkisii wa kushangaa. Mama Monyangi, ndilo jina lake, alizaa mabinti watupu, wote wakaolewa mbali. Mumewe alipokufa, akatoa ng'ombe wake mwenyewe akamuoa Gesare, ili nyumba ya Ogari isizimike. Watoto wa Gesare ni watoto wa Ogari, ingawa hawakuwahi kumwona. Hata nyanya yangu ana jirani wa namna hiyo.

Ila Fundi hakuwa na nyanya. Ratemo aliandika Monyangi mahali pa mume, mashine ikalia: jinsia si sahihi. Akamwandika Ogari, mashine ikataka tarehe yake ya kuzaliwa na ya kufa, kisha ikakataa watoto waliozaliwa baada ya kifo chake. Akamwandika Gesare peke yake, mashine ikasema mume anahitajika.

Mwalimu Machogu akaja kutazama. "Kompyuta imekataa," akasema, na niliona amefarijika, kama mtu aliyeondolewa mzigo. "Hata kanisa letu halitambui mambo haya. Mama Monyangi, pole. Si mimi."

Mama Monyangi akageuka akaniangalia. Sijui alijuaje kwamba ni mimi. "Mwanangu," akasema, "hii mashine inasema sisi si nyumba?"

Nikamwambia arudi Jumatatu.

Jumatatu, 22 Machi

Nimetengeneza. Nilifungua jedwali lenyewe ambalo Fundi amelijenga, pale pale Nyamira, nikaifuta kwa mkono sheria ya jinsia. Dakika chache tu. Nikamwandika Monyangi mahali pa mume, Gesare mahali pa mke, watoto watatu chini yao. Mashine ikanyamaza. Gesare akapokea kadi kwa mikono miwili, akaipangusa kwa leso ingawa haikuwa na vumbi.

Disha sikumwambia. Fundi kwake ni kama mtoto, hataki kiguswe chochote kilichojengwa naye. Tena nilifikiri, huyu amelelewa juu ya duka, ana dereva na mpishi, ataelewa nini kuhusu nyumba ya Ogari?

Jumapili, 4 Aprili

Pasaka. Mama amepika chinsaga, ile mboga chungu, kwa maziwa. Nimekula mpaka nikaona aibu.

Jumanne, 13 Aprili

Mvua. Mvua. Mama anasema zamani mbu hawakujua njia ya kupanda huku kwetu milimani. Sasa wamejua. Wagonjwa wa malaria wanapanga foleni kwenye zahanati zote.

Ijumaa, 16 Aprili

Niko nyumbani na mafua. Disha ametuma ujumbe kwamba chama kimeomba tuongeze nafasi ya tarehe za chanjo za watoto. Amesema nisijisumbue, ataongeza kwenye aina, Fundi ajenge upya, basi.

Jumatano, 21 Aprili

Nimerudi kazini. Kila kitu kinafanya kazi. Disha ameninunulia dawa ya kikohozi na kuiweka juu ya kibodi yangu.

Alhamisi, 6 Mei

Ni usiku sasa, naweza kuandika.

Tulikwenda Nyamira asubuhi, mimi na Disha, kupeleka printa mpya kwa pikapu ya duka. Mvua ilikuwa ya kumwagika. Tulipofika, Gesare alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi, amemfunga mwanawe Angwenyi mgongoni, mtoto wa kama miaka mitano, kichwa kimelala upande. Alikuwa ametoka zahanati. Muuguzi alikuwa amempa mtoto panado na kumpangusa kwa maji, lakini dawa ya malaria iliyobaki ilikuwa chache na agizo la chama lilikuwa kali: wenye kadi kwanza, na kadi lazima iwe kwenye orodha ya kompyuta. Walitafuta jina. Halikuwepo.

"Nina kadi," Gesare alikuwa anasema, na alikuwa ameinyanyua juu kama mtu anayeonyesha njia. "Si hii kadi?"

Ratemo akatafuta tena mbele yetu. Monyangi, hayupo. Gesare, hayupo. Ogari, hayupo.

Ndipo nilipoelewa. Fundi alipojenga upya majedwali ili kuongeza chanjo, alisoma mabano yangu ya zamani: mume, mwanamume, lazima. Sheria niliyoifuta kwa mkono akairudisha. Wakati wa kuhamisha data, nyumba isiyofuata sheria iliachwa nje. Fundi hakufanya kosa. Alifanya nilichomwambia, si nilichokifanya nyuma ya mgongo wake.

Mwalimu Machogu alikuwa amekaa kwenye meza yake. "Nilisema tangu mwanzo, kompyuta imekataa," akasema, ila safari hii hakuonekana amefarijika. Alikuwa anamtazama mtoto.

Angwenyi akakakamaa. Macho yakapanda juu, mkono mmoja ukaanza kuruka peke yake. Gesare akapiga kelele moja tu.

Disha hakuuliza jina la mtu wala kadi. Alimfungua mtoto mgongoni mwa mama yake, akamwingiza ndani ya pikapu, akatuambia, "Pandeni!" Mwalimu Machogu akatoka mbio akamletea Gesare koti lake. Tukashika njia ya hospitali, Kisii. Kabla ya kufika barabara ya lami gari likazama. Disha aliniambia nishike usukani, akashuka na sari yake ya kazini, rangi ya zafarani, akasukuma pamoja na wachuma chai wawili waliokuwa wanapita. Tope lilimrukia mpaka kwenye nywele. Gari likatoka. Akapanda, akafuta uso kwa kiganja, akasema, "Nenda, nenda, usinitazame."

Hospitali wamempokea. Wamemtundikia maji na dawa. Daktari amesema tumefika kwa wakati. Gesare yuko naye.

Tulipokuwa tumekaa kwenye benchi, nikamwambia Disha kila kitu.

Ijumaa, 7 Mei

Homa imeshuka. Ameomba ndizi.

Jumamosi, 8 Mei

Disha hakunikaripia hospitalini. Alinikaripia leo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema Fundi haguswi."

"Ndiyo, haguswi!" Akapiga meza, kalamu zikaruka. "Nyamusi, haguswi, lakini anaambiwa. Unachokitengeneza kwa mkono atakibomoa kila akijenga upya. Unachomwambia atakirudia siku zote. Ungeniambia, tungemfundisha."

"Na ungekubali? Mwanamke mwenye mke?"

Akaokota kalamu moja. Kisha akacheka bila furaha. "Shangazi yangu Leela alifiwa na mume akiwa na miaka ishirini na mbili. Amelea watoto wa kaka zake mpaka leo. Kwenye kila karatasi ya serikali anaandikwa mgeni wa nyumba. Nyumba ambayo anashika funguo zake zote! Wewe unafikiri mimi naona kompyuta tu?"

Nilikuwa nafikiri hivyo. Tangu nianze kazi hapa nimemwona binti wa tajiri. Sikuwahi kumuuliza kitu kisichokuwa cha kazi.

Nikaomba msamaha. Akaniambia nivute kiti, tuanze.

Jumatano, 12 Mei

Fundi anajifunza. Tumempa njia mbili. Ya kwanza, neno jipya la kuandika ndani ya mabano: *isipokuwa*. Ukiliandika kando ya kipengele, sheria ya kawaida inasimama kando na ile uliyoieleza inashika. Ya pili, faili ndogo ya marekebisho ambayo Fundi anaisoma kila anapomaliza kujenga, ili alichokosea kiwe sawa kabla mtu yeyote hajaandika jina. Na kama kuna nyumba isiyoingia, asiiache kimya. Asimame, aseme, angoje mtu.

Aina ya Nyumba nimeiandika upya. Hakuna tena "mume, mwanamume, lazima". Kuna mwenye nyumba, wa jinsia yoyote. Kuna wengine wa nyumba, na kila mmoja ana uhusiano wake, ulioandikwa kwa maneno ya watu wenyewe.

Disha akasoma, akasema, "Hii ni fupi kuliko ile ya kwanza." Kweli. Nusu ya ile ya kwanza ilikuwa makatazo.

Ijumaa, 14 Mei

Mwalimu Machogu amekataa. Amesema amesikitika sana kwa yaliyompata mtoto, na anaomba Mungu, lakini katiba ya chama inasema mume na mke, na programu haiwezi kutangulia katiba. Mkutano wa wanachama utaamua. Nimekasirika mpaka chai ikapoa mkononi.

Jumatatu, 17 Mei

Angwenyi ametoka hospitali. Anatembea kama mzee, anajishika kiuno, na wenzake wanamcheka.

Jumamosi, 22 Mei. Nyamira

Mkutano ulifanyika kwenye kituo cha kununulia chai, kwa sababu kina paa kubwa. Watu walisimama kati ya mizani na magunia. Disha alikuja, akasimama nyuma na mwavuli.

Mwalimu Machogu alieleza jambo kwa haki, lazima niseme. Hakumdharau mtu. Alisema tu kwamba akifungua mlango huu hajui utafungwa wapi. "Leo hii, kesho ile. Chama kitakuwa cha nani?" Baadhi waliitikia kwa vichwa.

Mama Monyangi akasimama. Alisema kwa Ekegusii, polepole. Alisema alipotoa ng'ombe wake, wazee waliokuja kuwahesabu walikunywa pombe yake na kubariki. Sasa wengine wao wako hapa na wanatazama chini. Akaketi.

Gesare akasema neno moja tu: "Nimepanda ile chai miaka kumi. Mashina yananijua." Akafunika mdomo, kama ameropoka. Wanawake wakapiga vigelegele.

Halafu Ratemo akainua mkono. Nilidhani anaomba ruhusa ya kutoka.

"Mwenyekiti, mimi nina jambo," akasema, akitazama vidole vyake. "Ndiyo mimi huandika. Mashine ikikataa mjane asiye na mume, na mvua inanyesha na watu wamejaa, mimi huandika... huandika yeye mwanamume. Ndiyo inyamaze. Sikufikiri ni vibaya. Nilitaka wapate kadi."

"Wangapi?" Mwalimu Machogu akauliza.

"Wengi, Mwalimu."

Mwalimu akatoa mfukoni karatasi ya taarifa ya mwezi, ile ambayo zahanati humletea. Akaisoma, akarudia kuisoma, akavua miwani. "Ndiyo maana," akasema. "Mwezi wote nimekuwa nikijiuliza. Hapa inasema chama hiki kina wanaume wajawazito."

Kituo kizima kikalipuka. Watu walicheka mpaka mzee mmoja akakalia mizani. Hata Mama Monyangi alifuta machozi. Mwalimu Machogu alijizuia, akajizuia, mwishoni mabega yakamsaliti.

Kicheko kilipotulia, akazungumza kwa sauti nyingine. "Nilifundisha watoto wenu kwamba uongo mmoja huzaa mwingine. Sasa nimewatuma wajane wetu wadanganye mashine ili watibiwe. Inueni mikono wanaokubali katiba ibadilike."

Mikono ikainuka, mingi, na ya kwanza ilikuwa ya wale wazee waliokuwa wanatazama chini.

Nilimtafuta Ratemo baadaye kumshukuru. Alikuwa anaaibika bado. Aliniuliza kama atafukuzwa. Nikamwambia nitamhitaji kila siku kwa wiki mbili, kurudisha kila mwanamke kwenye jinsia yake. Akapiga mwayo, na safari hii nikauona ni wa mtu aliyeamka saa kumi kukamua ng'ombe.

Alhamisi, 3 Juni

Tumejaribu. Tumejenga majedwali upya, tukabomoa, tukajenga tena. Tuliongeza kipengele, tukakiondoa. Kila mara tulitafuta nyumba ya Ogari, na kila mara ilikuwepo, watu watano, Angwenyi akiwa wa mwisho. Disha amepiga makofi peke yake kama mtoto.

Ijumaa, 11 Juni

Ratemo amemaliza kusahihisha. Hakuna tena mwanamume mjamzito. Amesema ile taarifa ya kuchekesha ataikumbuka.

Jumapili, 20 Juni

Nimekwenda kula kwa kina Disha. Shangazi Leela amenipakulia mara tatu na kuniuliza kama Wakisii tunajua pilipili. Nilisema tunajua. Sikujua.

Jumatatu, 28 Juni

Jua siku nzima. Zahanati imetulia, na dawa zimefika.

Jumamosi, 17 Julai. Kisii mjini

Leo tulikuwa tunafunga mapema. Disha alikuwa ameshika funguo, mara tukasikia viatu vizito vikipanda ngazi, vikisimama, vikipanda tena. Ni Mwalimu Machogu, amevaa suti ya Jumapili na kofia. Hajawahi kuja hapa. Kutoka Nyamira mpaka huku juu kwetu, wakati kompyuta ya chama iko hatua chache kutoka mezani kwake.

Tulimkaribisha. Akaketi, akasifu dirisha. Akauliza habari za mzee Subhash. Akasema mahindi mwaka huu yatakuwa mazuri. Sisi tulingoja.

"Ile orodha ya chama," akasema mwishowe, "hapa pia mnayo?"

"Tuna nakala, Mwalimu," nikasema. "Tukibadilisha kitu, Jumatatu ninapeleka diski."

"Bila Ratemo kuuliza?"

"Bila kuuliza."

Akavua kofia, akaizungusha kwa ukingo. "Binti yangu mkubwa alikuwa ameolewa upande wa Nyamache. Jumanne amerudi. Amerudi na watoto wawili na begi moja. Mkono wake..." Akaacha. "Mama yake alimuuliza atarudi lini kwa mumewe. Mimi nikasema harudi. Sijawahi kusema neno haraka hivyo maishani mwangu."

Disha akaweka funguo mezani taratibu.

"Sasa," akasema, "kadi yangu ina mimi na mke wangu peke yetu. Nilikuwa nataka kuuliza. Pale penye uhusiano, mtu katika hali kama hiyo huandika nini?"

"Andika ilivyo, Mwalimu," nikamwambia.

Nikampisha kiti changu. Hakutaka nimwandikie. Akavaa miwani, akatafuta herufi moja moja, akaandika jina la binti yake, kisha pale penye uhusiano: *binti yangu, amerudi nyumbani*. Alisahau mkato, akarudi akauweka. Mwalimu ni mwalimu. Akabonyeza, akaondoa mikono kwenye kibodi haraka, akakaa wima akingoja mashine ilie.

Haikulia.

"Imekubali?" akauliza.

"Imekubali."

Alisoma tena mstari wake kwenye skrini. Akavaa kofia, akasimama, akafika mlangoni. Akaivua tena.

"Na wajukuu," akasema, akirudi kukaa. "Hebu ngojeni, niwaandike na wajukuu."